Moyo Usiolalamika

Ukitaka kumkasirisha Barafu, mpelekee friji zima umwambie alifungue tu, aangalie ndani. Atakutazama kama umemtukania mama yake. "Linagandisha?" atakuuliza. Ukisema linagandisha, atakuuliza tena, "Lina kelele?" Ukisema halina, hapo utafukuzwa wewe na friji lako, na maneno utakayoondoka nayo si ya kuwasimulia wakwe. Juu ya mlango wa karakana yake aliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa zilizobanana kuelekea mwisho kwa kuwa ubao ulikuwa mfupi: KISICHOPIGA KELELE HAKIFUNGULIWI. Wateja walicheka, wakidhani ni mzaha wa fundi. Hakuwa na mzaha hata chembe. Alikuwa ameona mafriji mengi yenye afya yakifunguliwa na mafundi wenye kiherehere, yakafungwa tena, na tangu siku hiyo yakashindwa kupoza hata jagi la maji.

Nayasema haya mapema usije ukamwona mjinga. Barafu hakuwa mjinga. Alikuwa fundi, tena fundi hasa, na kilichomponza ni ufundi wenyewe.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la rangi, chenye dirisha dogo juu kabisa na sakafu iliyogeuka nyeusi kwa mafuta ya kompresa. Mafriji yalisimama kando ya ukuta, milango imevuliwa, matumbo nje. Kule mwisho, chini ya dirisha, alikaa mwenzake aliyekuwa akisuka upya mota za pampu na feni. Huyu alikuwa na upara unaong'aa na tabia ya kuzungumza huku ameuma waya, na watu walimwita Koili. Wawili hao walipanga chumba kile tangu wote wakiwa na nywele.

Kazi ya Barafu ilianzia sikioni. Friji likiletwa, hakuparamia skrubu kama wengine. Aliliwasha, akachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, akaweka ncha juu ya kompresa na mpini kwenye tundu la sikio, akafumba macho. Koili alijua kwamba muda huo haruhusiwi hata kukohoa. Kisha Barafu alifumbua macho na kutoa hukumu: huyu anakwaruza, huyu amekosa gesi, huyu ananguruma bure tu, ni mipira ya chini imekwisha. Alikosea mara chache sana. Aliamini kwamba kila kitu kinachoharibika husema kwanza, na kwamba fundi asiyejua kunyamaza na kusikiliza afadhali akauze nyanya.

Moyo wake wa kwanza, ule aliozaliwa nao, ulisema mpaka ukamchosha. Ulimbana kifua anapobeba kompresa. Ulimnyima pumzi akilala chali. Ulimvimbisha miguu hadi viatu vikamkataa. Madaktari wakamwambia misuli ya moyo imelegea na hakuna dawa ya kuirudisha. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na mara ya mwisho hakuruhusiwa.

Mkewe alihamia kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Alikuwa dobi, mwanamke mwenye mikono mikubwa na ulimi mwepesi, aliyefulia nusu ya mtaa, na ambaye angeweza kutazama doa akakuambia ni la chai, la damu, au la uongo. Alikuwa akimpaka mumewe mafuta miguuni huku akimgombeza kwa sauti ya chini. "Usithubutu, baba watoto. Usithubutu kuniachia yale mafriji yako." Akitoka nje kwenye veranda alilia, akanawa uso, akarudi kugombeza.

Moyo ukapatikana. Ulikuwa wa nani, hawakuambiwa, na wao hawakuuliza. Waliambiwa tu kwamba mwenyewe alikuwa mtu mzima, amemzidi Barafu umri kwa mbali, na kwamba maishani alikuwa na presha. Si moyo ambao mtu angeuchagua, lakini kwa hapo alipofika Barafu hapakuwa na la kuchagua. "Hata ungekuwa wa babu yangu ningeuchukua," alisema, na midomo yake ilikuwa ya buluu alipokuwa akisema hivyo.

Alipozinduka, amechomekwa mirija kila mahali, sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya dobi. "Mgeni ameamkaje?" Hakuweza kujibu kwa ule mrija wa kooni, akanyanyua kidole gumba. Basi jina likabaki hilo. Moyo ule ukawa Mgeni, na swali likawa swali la kila asubuhi, kabla ya salamu, kabla ya chai, dobi akiwa bado amejifunga khanga ya kulalia.

"Mgeni ameamkaje?"

"Kimya."

"Basi tusimsumbue."

Kimya ndilo neno lililokuwa tamu kuliko yote katika nyumba ile. Mtu aliyebanwa kifua miaka na miaka, halafu siku moja akaamka hasikii kitu, utamwambia nini? Barafu alikuwa akilala kitandani na kujisikiliza, ameweka kiganja kifuani, na alichosikia ni mwendo tu, tup, tup, tup, bila kukwaruza. Kwa sikio lake hilo lilikuwa friji jipya.

Daktari wa moyo alikuwa mama mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Aliwaketisha wote wawili kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani, akawaeleza bila haraka. Moyo ukitolewa kwa mtu na kuwekwa kwa mwingine, alisema, neva zake hukatwa. "Huu moyo hautakwambia kitu. Mishipa yake ya damu ikianza kuziba, mtu mwingine angeumwa kifua, angekimbia hospitali. Wewe hutaumwa. Kwa hiyo kila mwaka lazima sisi tuingize waya tuangalie wenyewe, na dawa umeze zote, hata ukijiona mzima. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari," alisema Barafu. Dobi naye akaitikia. Daktari akarudia yote mara ya pili, maana aliwajua watu. Lakini katika maneno yale yote Barafu alishika mawili tu, hutaumwa kifua, na aliyabeba nyumbani kama zawadi.

Mwaka wa kwanza haukuwa lelemama. Mara mbili mwili wake ulitaka kumkataa Mgeni, dawa zikaongezwa. Kikaja kirusi kikamlaza kwa homa wiki nzima, na daktari alipokuwa akiandika habari za kirusi kile alikunja uso, ingawa hakusema kwa nini. Dawa zenyewe zikamletea sukari. Zikamvimbisha mashavu. "Umekuwa friji la milango miwili," Koili alimwambia siku aliporudi karakanani, kisha akageuka upande wa dirisha akajifanya anatafuta koleo, kwa kuwa macho yalikuwa yamemjaa. Baada ya hapo mambo yalitulia. Barafu alirudi kwenye bisibisi yake. Aliacha vyakula vya kukaanga, na sigara alikuwa ameziacha zamani. Alitembea jioni na mkewe hadi kwenye mzunguko wa barabara na kurudi, wakibishana njia nzima.

Kila asubuhi dobi alimpangia vidonge kwenye kisahani cha kikombe. Vingi mno, vya rangi za kila namna, hadi Barafu akasema vingefaa kuvalishwa bibi harusi shingoni. Alivimeza vyote. Halafu nyama za miguu zikaanza kumuuma. Si maumivu ya kuchoka, bali yale ya kama mtu anakuminya shavu la mguu kwa koleo, hasa anapochuchumaa nyuma ya friji, na kazi yake nusu nzima ilikuwa kuchuchumaa nyuma ya friji. Akafanya alivyofanya siku zote: akatafuta kinachopiga kelele. Aliacha kidonge kimoja kwa siku kadhaa, akakirudia, akaacha kingine. Akakipata. Kilikuwa kile cheupe cha mviringo, cha kupunguza mafuta kwenye damu. Akikiacha, miguu inanyamaza. Akikirudia, miguu inaanza. Sasa niambie, fundi gani angeendelea nacho? Miguu ilikuwa imelalamika na imetibiwa. Mgeni hakuwa amesema neno.

Angeweza kumwambia daktari. Zipo dawa nyingine za aina ile, vipo vidonge vya nguvu ndogo zaidi, lakini hakujua, na hakujua kwa sababu hakuuliza. Aliona aibu. Mtu amepewa moyo wa mwenzake, halafu aende kulalamika miguu? Na mkewe ndiyo kabisa asingemwambia, kwani dobi angemshika sikio wakaenda hospitali hivyo hivyo, watu wakiwaangalia. Basi kila asubuhi alimeza vingine vyote, na kile cheupe alikibana kati ya vidole, akakitia mfuko wa shati, na akifika karakanani akakitupa kwenye mtaro.

Siku nyingine alisahau kukitupa. Shati likaingia kwenye beseni, na dobi akakuta mfuko umeshikana kwa unga mweupe. "Wewe na chaki zako!" alimpigia kelele kutoka uani. Barafu alikuwa akitumia chaki kutia alama mirija ya shaba kabla ya kuikata, na kila mtu alijua. "Utanimalizia sabuni, baba watoto!"

"Nisamehe, mke wangu," alijibu Barafu akicheka. "Nitakuwa naziacha kazini."

Yeye mwenye kutambua kila doa, hili la kidonge halikumpitia akilini kabisa.

Kipimo cha waya alikifanya miaka ya mwanzo. Alilala kwenye meza ya baridi, wakamwingiza waya kwenye paja, na picha zikaonyesha kuta za mishipa zimeanza kunenepa kidogo. Barafu alilishika neno hilo moja, kidogo, akaridhika. Mwaka uliofuata bucha zote za soko lile kubwa zikampa kazi ya vyumba vyao vya baridi, akaomba kipimo kisogezwe mbele. Mwaka mwingine akasogeza tena. Dobi aliuliza mara moja tu. "Huendi kwa waya?" Barafu akaonyesha kifua chake kwa kidevu. "Kimya," alisema. Dobi, ambaye alikuwa na rundo la mashuka ya nyumba ya wageni la kupigwa pasi, alisema basi tusimsumbue. Alisema hivyo yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, na atakuja kulikumbuka neno hilo.

Ilianza kwa uchovu. Jioni walianza kuishia kwenye kibanda cha viatu badala ya kufika mzungukoni. Kamba za viatu alizifunga kwa vituo. Koili akamtania kwamba amezeeka, naye akakubali, kwa sababu uzee ni kitu cha heshima kuliko ugonjwa. Alipokuwa akitoa kompresa mbovu jikoni kwa mwalimu mmoja mstaafu, miguu ilimwisha nguvu, akakaa chini sakafuni polepole, amekumbatia kile chuma mapajani, jasho jembamba likimtoka. Hakuumwa popote. Mwalimu akamletea maji. "Ni joto tu, mama," Barafu alimwambia. Jiko lilikuwa na feni mbili.

Siku iliyofuata alianguka karakanani, kifudifudi, kati ya mitungi ya gesi. Koili ndiye aliyempeleka hospitali, na waya wake bado ameuuma mdomoni.

Walimwingiza waya, wakampiga picha, wakamweka wodini siku kadhaa. Kisha daktari yule mfupi akawaita yeye na mkewe ofisini, akaufunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Aliwageuzia skrini. Barafu aliiangalia ile mishipa na hakuhitaji kuelezwa. Ilipotoka kwenye moyo ilikuwa tayari imepungua, ikaendelea kupungua njia nzima, na kule mwisho ambako zamani palikuwa na vijishipa vingi vya kuchipuka hapakuwa na kitu.

"Huwezi kuzibua?" aliuliza.

"Ingekuwa imebana mahali pamoja, ningeweka springi ndogo ya kupanua," alisema daktari. "Moyo uliopandikizwa hauzibi hivyo. Umebana tangu mwanzo hadi mwisho. Na kule mwisho ni pembamba kuliko waya wangu."

Katika friji kuna mrija mwembamba wa shaba, mwembamba kama njiti ya kiberiti, ambamo gesi hupita. Ukiziba mahali pamoja unakata, unalehemu, maisha yanaendelea. Ukiwa umechafuka ndani urefu wote, hakuna fundi duniani wa kuuzibua. Barafu alikuwa na sauti yake maalumu ya kumwambia mteja habari hiyo. Ilikuwa sauti ya pole, ya upole kuliko kawaida yake, na ilikuwa na maneno yake: nitakujazia gesi kidogo, mama, itakusukuma wakati unajipanga. Hakumaanisha kwamba friji litapona. Alimaanisha mteja aanze kuzoea.

"Tutabadilisha baadhi ya dawa," alisema daktari, kwa sauti ile ile. "Zitajaribu kupunguza mwendo wa kuziba."

Barafu alikaa akiitazama mikono yake. Alikuwa ameingia ofisini na tumaini dogo, na lilimtoka palepale kwa sababu ya sauti.

"Apewe mwingine," alisema dobi. "Si alipewa huu? Apewe mwingine."

Kikao cha madaktari kilikuwa kimeshakaa, daktari akawaambia, na yeye mwenyewe alimsemea. Lakini figo zilikuwa zimechoka kwa dawa za miaka yote hii, zisingestahimili upasuaji mwingine, na wanaongoja moyo ni wengi. Jibu lilikuwa hapana. Alilisema neno lenyewe, hakulizungusha, na Barafu kwa namna fulani alimshukuru.

Dobi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Ni nini kimefanya hivi? Niambie. Ni chakula changu?"

"Si chakula chako, dada yangu. Ni mambo mengi kwa pamoja." Daktari akavua miwani. "Moyo wenyewe ulitoka kwa mtu wa umri, mwenye presha. Mwili ukajaribu kuukataa, na kila mara unapoukataa mishipa inaumia. Kile kirusi cha mwaka wa kwanza nacho kiliumiza. Sukari ikaja. Mafuta kwenye damu yako, baba, yamepanda sana, sijui kwa nini yamepanda hivi. Vyote vilisukuma. Kipi kilisukuma zaidi, siwezi kukwambia." Akafungua jalada lake. "Ile dawa ya mafuta unaimeza?"

Barafu angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angembishia, na mkewe alikuwa tayari ameshafungua mdomo kumjibia, maana yeye ndiye aliyeiweka kwenye kisahani kila siku iliyopambazuka.

"Niliiacha," alisema.

"Lini?"

"Zamani. Ilikuwa inaniuma miguu."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakuonekana kukasirika, alionekana kuchoka. "Ungeniambia tu," alisema. "Zipo nyingine."

"Ningekuwa nimeimeza, nisingefika hapa?"

"Ingesaidia. Kiasi gani, sijui, na sitakudanganya. Na tungekuwa tumeangalia kwa waya mapema, labda tungefanya kitu. Labda."

Labda ile ilikuwa mbaya kuliko hapana. Angeambiwa kwamba ni yeye, angejilaani akamaliza. Angeambiwa kwamba si yeye, angelia kama watu wengine. Sasa alipewa nusu ya kosa bila kujua ukubwa wa nusu hiyo, na hakuwa na mahali pa kuipeleka.

Dobi alikuwa akitazama mfuko wa shati la Barafu, shati alilolifua na kulinyoosha mwenyewe, akasema polepole, kama anajisemea, "Ile chaki."

Kwenye korido alitangulia. Tangu mumewe alipoanza kuugua hakuwahi kumwacha nyuma. Alikuwa akipunguza hatua bila kuonyesha kwamba anapunguza. Siku ile alitembea mwendo wake wote, na Barafu akamfuata akishika ukuta.

Aliporuhusiwa alikwenda karakanani. Koili alishasikia habari, akasimama, akatoa waya mdomoni, akakosa la kufanya na mikono. Barafu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kulikuwa na friji limeletwa asubuhi, mlango wake umefungwa kwa kamba, na hakulitazama. Alinyoosha mkono juu ya meza akachukua ile bisibisi ndefu, akampa mwenzake.

"Nisikilize," alisema.

"Acha utani."

"Nisikilize, Koili."

Koili alipiga magoti kwenye mafuta. Aliweka ncha juu ya shati, kwa uangalifu, pembeni ya kovu, akaweka mpini sikioni, akafumba macho kama alivyomwona mwenzake akifanya maisha yote. Nje mtu alikuwa akipakua mikebe ya rangi. Barafu alisubiri bila kukohoa.

"Inakwenda vizuri," alisema Koili hatimaye, na sauti yake ilikuwa na matumaini kama ya mtoto. "Haikwaruzi. Mota nzima hii, ndugu yangu."

"Mota nzima. Ni mirija."

Koili alibaki amepiga magoti. Kisha akaangalia juu ya mlango, kule kwenye maandishi, ambayo kwa ndani yalionekana kama ubao mtupu tu. "Niushushe ule ubao?"

"Uache. Kwa mafriji ni kweli."

Alichokuwa akikifikiria kwa kweli si ubao. Alikuwa akimfikiria yule mtu. Miaka yote alimfikiria mara chache, na kila alipomfikiria alimwona kama mtu aliyekwenda zake na kuacha nyumba wazi. Sasa alimwona mtu mzima mwenye presha, labda alikuwa na mke wa kumgombeza, labda naye aliambiwa ameze dawa. Mtu yule alikuwa amekufa, na kilichobaki kikiishi ni hiki kilichokuwa kinapiga tup, tup, ndani ya fundi wa mafriji asiyetaka kuumwa miguu. Na moyo huu wa pili nao, aliwaza Barafu, nimeuua. Hakulia.

Nyumbani mambo yalikwenda kwa ukimya. Watoto walikuja, wale waliokuwa na familia zao na yule wa mwisho, wakakaa sebuleni wakizungumza habari za bei na barabara, wakaondoka na macho mekundu. Dobi aliwapikia, akawaaga, akaosha vyombo. Alifua. Alipiga pasi mpaka shuka likitoka mikononi mwake linasimama lenyewe. Mumewe alimsemesha akajibu, hakumnunia. Alimwekea maji ya kuoga, alimshika mkono kwenye ngazi. Ila asubuhi ya kwanza hakuuliza habari za Mgeni. Wala ya pili. Barafu akadhani amesahau, na baadaye akajua hakusahau, kwa kuwa kila asubuhi alifika mlangoni pa chumba, akasimama na kisahani chake, akafungua mdomo, akaufunga.

Barafu hakujua kwamba lile swali lilikuwa limembeba kiasi kile. Alikuwa amezoea hofu ya kufa tangu moyo wa kwanza, walishajuana. Lakini kuamka, kukaa kwenye ukingo wa kitanda, kuvuta pumzi ambazo hazitoshi, na kusubiri maneno mawili yasiyokuja, hilo lilimshinda. Aliona kwamba mkewe ameshamwacha peke yake na huyo asiyesema. Asubuhi moja akashindwa kuvumilia.

"Siku hizi huniulizi," alisema.

Dobi alikuwa anaweka kisahani juu ya stuli. Mikono yake mikubwa ilikuwa imenyauka kwa sabuni, ncha za vidole nyeupe.

"Nikuulize nini?"

"Mgeni ameamkaje."

Alikaa karibu naye kitandani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu watoke hospitali. Alitazama mlango, na alipozungumza hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, na Barafu angetoa chochote iwepo hata kidogo.

"Yeye hawezi kusema, baba watoto," alisema. "Tuliambiwa tangu mwanzo hawezi. Mimi nilikuwa nakuuliza wewe."

Kisha akamsogezea kisahani, akamkabidhi glasi ya maji, akabaki amekaa hapo hapo akivitazama vidole vya mumewe mpaka kidonge cha mwisho kilipomezwa.